Ile molekuli moja

Jana binti yangu alifungua sanduku la mablanketi, akarudi nyuma ameziba pua. "Mama, nini kinanuka hivi?" Nafthalini, nikamwambia, vidonge vya kufukuzia nondo, molekuli zake zinaruka hadi puani mwako. "Ngapi?" akauliza. Swali hilo likanirudisha maabara, enzi za tasnifu yangu, kwenye chumba cha giza na pazia jeusi.

Nafthalini ni pete mbili za kaboni. Ongeza ya tatu upate anthrasini, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukikuza fuwele zake, nyembamba ajabu, huku tumeficha ndani molekuli chache za dibenzoterilini, zenye kung'aa. Ukiipiga leza, molekuli hiyo humeza nishati, hukaa nayo nanosekunde chache, kisha huitoa kama fotoni moja, chembe moja ya mwanga. Halafu nyingine. Moja moja, kama mtu avutaye tasbihi. Wanaotaka kutuma siri kwa mwanga wanaililia nidhamu hiyo. Miezi ya kupangusa lenzi naiacha.

Usiku ule nikapata nukta moja. Mwanga wake, karibu nanomita 785, jicho halikuuona. Niliuona kwenye skrini tu. Nikaupitisha kwenye kioo kinachougawa kwenda kwa vigunduzi viwili. Fotoni haikatwi nusu: ikipokewa kushoto, kulia kimya. Kwa hiyo katikati ya grafu ya tofauti ya muda kati ya vigunduzi hivyo, penye sifuri, lazima pawe na shimo. Nikakodoa macho. Kwanza pakatokea kibonyeo tu, hata sikukiamini. Kikazama. Kikazama tena, kikapita nusu, mpaka ambao ukivukwa hakuna ubishi kwamba kinachong'aa ni kimoja. Nilibana pumzi, utadhani ningeipuliza ikaruka.

Mara hesabu ikaanguka kutoka maelfu hadi sifuri. Haikufifia, ilizimika. Labda oksijeni ilipenya ukingoni mwa fuwele ikaiharibu molekuli. Wanasayansi Moerner na Kador, walipoitambua molekuli moja mwaka 1989, walikuwa kwenye baridi kali ya heliamu. Sisi tulikuwa kwenye joto la chumbani.

"Safi sana," akasema msimamizi wangu nyuma ya pazia. Nikadhani ananikejeli. "Zingekuwa mbili, zingeshuka ngazi mbili. Imeanguka mara moja. Unataka ushahidi gani zaidi?"

Grafu ile imo kwenye tasnifu yangu. Chini yake nimeandika muda wa kipimo, kwa dakika. Kwa nini kilikatika pale, sikuandika, na hakuna aliyewahi kuniuliza.