Ukurasa wa kushoto: mradi wangu wa kuongeza kilo

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Mtwara mjini. Urefu wangu ni sentimita 174. Mradi ulipoanza, mwezi wa sita mwanzoni, nilikuwa na kilo 52. Wateja wasiojua jina langu huniita Njiti, na wanaolijua pia. Naandika kwa ajili ya wembamba wenzangu, maana ushauri mwingi unaosambaa ni wa kupunguza tumbo. Sisi tunaambiwa "kula tu", basi.

Wiki ya 1. Kilo 52.0
Kabla ya kununua hata yai nilikwenda kupimwa. Kukonda si lazima kuwe ni kula kidogo: kifua kikuu hukondesha, kisukari hukondesha, VVU, minyoo, hata tezi ya kooni ikifanya kazi kupita kiasi. Kama unapungua bila kujua sababu, anzia huko. Mimi sikuwa napungua, nilikuwa hivi hivi tangu shule, lakini nilitaka kulala usingizi. Majibu yakatoka safi. Daktari akanipa dawa ya minyoo, akaniambia nirudi nyumbani nikale.

Alinifundisha na hesabu yake: uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nikapata 17.2. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Kwa urefu wangu mstari huo uko kwenye kilo 56, basi lengo la kwanza likajitaja lenyewe.

Wiki ya 2
Nina daftari la kupokelea simu. Ukurasa wa kulia naandika jina la mteja, aina ya simu na ubovu wake. Wa kushoto huwa mtupu, nikaanza kuandika humo ninachokula.

Jumanne ilikuwa hivi. Saa mbili: chai ya rangi, maandazi mawili. Saa saba: soda, maana mteja alikuwa anasubiri kioo. Saa tatu usiku: ugali, samaki, mchicha.

Hapo ndipo nilipojishika. Miaka yote nimekuwa nikisema "mimi nakula sana ila sinenepi", na nyumbani wananiunga mkono kwa sababu wanauona ule ugali wa usiku, mlima kweli kweli. Hakuna aliyeiona saa saba yangu. Kwa hesabu ya mkono, siku hiyo haikufika kalori 1,600, na mwili wangu kwa kukaa tu kibandani unataka kama 2,000. Nafikiri pilau ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa inanisitiri.

Ili kilo ziongezeke taratibu, inatakiwa kuzidisha kama kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya mahitaji. Hiyo huleta robo hadi nusu kilo kwa wiki. Ukienda mbio kuliko hapo, sehemu kubwa inakuwa mafuta ya kiunoni.

Wiki ya 3. Kilo 52.4
Kosa la kwanza: nilijaribu kuongeza ule ugali wa usiku. Siku ya pili nikalala nimekaa, tumbo limejaa kama ngoma. Nikabadili, ugali ukabaki ulivyo, nikaziba mashimo ya mchana.

Asubuhi ni uji wa mtama badala ya chai ya rangi, nachanganya humo vijiko viwili vya siagi ya karanga. Vijiko hivyo peke yake vina karibu kalori 190, na uji haukinaishi kama chakula kikavu. Saa nne nakula mayai mawili ya kuchemsha kutoka kwa kijana anayepita na ndoo yake. Saa saba sasa nafunga kibanda dakika ishirini, anayetaka kusubiri asubiri: wali na mbaazi za nazi, au muhogo na samaki. Saa kumi, karanga za jero. Soda nimeiacha. Si kwamba haina kalori, ila inajaza tumbo halafu chakula chenye maana kinakosa nafasi. Maji nakunywa baada ya kula.

Karanga nanunua mbichi tunakaanga nyumbani, na kabla ya kukaanga mama anazichambua moja moja. Zilizokunjamana, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zote anatupa. Zamani nilidhani ni uchaguzi wa mpishi tu. Kumbe ni sumukuvu, sumu ya ukungu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Ukinunua siagi ya karanga iliyosagwa tayari hujui kilichoingia kwenye mashine. Tunasaga kidogo kidogo, ya wiki moja.

Wiki ya 4. Kilo 52.9
Maziwa fresh yamenishinda. Glasi mbili kwa siku, siku tatu mfululizo, nikawa mtu wa chooni. Nimehamia mtindi, tumbo limetulia. Ukigandishwa, sukari ya maziwa hupungua, ndiyo maana wengi wetu tunauweza.

Wiki ya 5
Mazoezi. Watu wanashangaa: mwembamba anafanya mazoezi ili iweje? Ukila zaidi huku umekaa kibandani siku nzima, kinachoongezeka ni kitambi juu ya miguu ya kuku. Misuli inataka kazi nzito. Sina hela ya chuma, lakini dumu la lita ishirini likijaa maji ni kilo ishirini, na kila nyumba hapa inalo. Nalikumbatia kifuani nachuchumaa na kusimama mara kumi, napumzika, narudia mizunguko minne. Siku nyingine pushapu, na kuvuta dumu kuelekea tumboni nikiwa nimeinama mgongo umenyooka. Mara tatu kwa wiki tu. Kukimbia ufukweni Shangani nimekuacha kwa sasa, kunanila kalori zangu.

Na protini: kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwangu ni gramu 80 na kitu. Kwetu si kazi ngumu, samaki wapo, dagaa wapo, mbaazi zipo, choroko zipo.

Wiki ya 6. Kilo 56!! (soma mpaka mwisho)
Nilikwenda kumsalimia mjomba kwenye ghala anakofanya kibarua, msimu wa ufuta ulikuwa umepamba moto. Wakaniambia, "Njomba, panda hapa tukuone," nikapanda mizani ya magunia. 56! Nikanunulia watu wanne chai.

Kesho yake mizani ya duka la dawa ikasema 53.4. Kule ghalani nilipanda na viatu, na bisibisi mfukoni, na simu tatu za wateja, baada ya chakula cha mchana, kwenye mizani iliyotengenezwa kwa ajili ya magunia. Tangu hapo ni mizani moja tu, Jumatatu asubuhi, kabla ya uji, baada ya kwenda chooni. Hela ya chai haikurudi.

Wiki ya 8. Kilo 54.1
Rafiki yangu kanitolea vidonge kwenye karatasi ya daftari, havina jina wala kopo. "Wiki mbili tu, mashavu hayo." Nikavipeleka kwa mfamasia. Hakutaka hata kuvigusa, akasema bila pakiti hawezi kuapa ni nini, ila vya namna hii mara nyingi huwa deksamethasoni, au siproheptadini, au vyote viwili. Siproheptadini ni dawa ya mzio, inaleta njaa na usingizi mzito. Deksamethasoni ndiyo inayotisha. Mashavu yanajaa kweli, lakini sehemu ni maji na mafuta yanayohamia usoni, huku misuli ya mikono na mapaja inaliwa. Sukari na presha hupanda. Ukizoea kuimeza, tezi zilizo juu ya figo hulala, hazitengenezi tena homoni yake, na ukiacha ghafla unaweza kuanguka.

Nilimrudishia rafiki vidonge na maneno yote. Kaniita mwoga. Sawa.

Wiki ya 11. Kilo 53.2
Malaria. Karibu kilo mbili zimeondoka ndani ya siku nne, na nilikuwa nimefika 54.9. Sikuweza hata kuutazama uji. Nesi aliponipa dawa mseto aliniambia nimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, mwili huifyonza vizuri zaidi hivyo. Basi siku hizo tatu nilikula kijiko cha siagi ya karanga kama dawa ya pili, nimefumba macho.

Chandarua kilikuwa na tundu. Nimekishona.

Wiki ya 15. Kilo 55.3
Hakuna jipya, ni uji, mayai, dumu. Wiki nilizosahau kuandika ukurasa wa kushoto ndizo wiki ambazo mizani haikusogea, sijui kwa nini bado nashangaa. Nazi nimeipunguza iwe mara tatu nne kwa wiki, sehemu kubwa ya mafuta yake ni yale yanayoganda. Ufuta uliokaangwa unanyunyizwa juu ya kila kitu, mpaka dada ameanza kulalamika kwamba wali unafanana na mchanga.

Wiki ya 17. Kilo 56.1
Mstari umevukwa. Mizani ni ileile, saa ileile. Niliipanda mara mbili.

Wiki ya 20. Kilo 57.1
Nilipanda Newala kumwona bibi. Korosho zimeanza kuanguka, mabibo yananuka njia nzima. Bibi anabangua za kula nyumbani mwenyewe, anachoma kwanza, kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na vidole vyake vina makovu ya miaka. Zilizovunjika ndizo zilizokuwa zangu. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, ni kalori 165 au zaidi kidogo, nikamweleza.

"Shikamoo bibi, nimeongeza kilo tano."

Hakuuliza kilo ni nini. Alinishika mkono penye kifundo, pale panapovaliwa bangili, akazungusha kidole gumba na cha kati kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto. Vidole vikakutana.

"Bado," akasema, akaniongezea ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, kwenye sahani. Niliondoka na sado nzima ya mbaazi, na ukurasa wa kushoto wa siku hiyo umejaa mpaka pembeni.