Shaba ya televizio ya papa

Jana nimefungua ile televizio ya zamani ya papa, yenye kisogo kikubwa. Niliiacha kwanza wiki nzima bila umeme, maana hizi zinaweza kukupiga hata zikiwa zimezimwa. Waya uliozunguka kioo ulikuwa mwekundu kabisa kama shaba, nikaanza kupiga hesabu ya franga. Mnunuzi wa vyuma akaukwaruza kwa kisu: ndani nyeupe.

“Alimini hiyo, mukubwa. Ni rangi tu.”

Eh! Mimi mtoto wa Lubumbashi, wa jimbo lililoitwa Shaba toka 1971 hadi 1997, nadanganywa na rangi! Shaba ya kweli ilikuwa kwenye koili, ule waya uliosokotwa shingoni mwa kioo, kiganja kimoja. Kioo sikukivunja, kina madini ya risasi, ni sumu. Sasa mama anauliza kitakaa sebuleni mpaka lini.