Ukingo wa Karatasi na Mapigo Yasiyo na Mpango

Jioni hii bado naifikiria ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya asubuhi, ile ambayo mashine iliandika juu yake kwamba mwendo wa moyo ni wa kawaida wenye mapigo machache ya ziada, nami nikakaribia kuyakubali maneno hayo bila kuyakagua. Kilichonizuia ni mkono wa mgonjwa, ambaye alikuja kwa sababu ya maumivu ya goti na hakuwa na lalamiko lolote la moyo: nilipomshika kwenye kifundo, mapigo yalikuja mawili ya haraka, pakafuata kimya, kisha moja dhaifu, bila utaratibu wowote.

Nilichukua kipande cha karatasi, nikatia alama kwenye vilele vinne vya R (ncha ndefu ya kila pigo) vinavyofuatana, kisha nikakisogeza mbele. Alama hazikuoana na vilele vipya mahali popote. Mapigo ya ziada huuvuruga mwendo kisha huuacha urudi, lakini hapa hapakuwa na mwendo wa kurudiwa. Wimbi la P, lile dogo la umeme wa atiria (vyumba vya juu vya moyo), nalo sikuliona kabla ya QRS yoyote, yaani mawimbi makali ya vyumba vya chini. Katika V1, mojawapo ya mistari ya kifuani ya ECG, palikuwa na vijiwimbi ambavyo mwanzoni nilividhania kuwa P. Hata hivyo P halisi huja na umbo lilelile, kwa umbali uleule kutoka QRS, ilhali hivi vilibadilika kila mara. Vingelingana kama meno ya msumeno, ningefikiria flata ya atiria, ambapo atiria hupiga haraka mno lakini kwa utaratibu.

Huu ulikuwa mpapatiko wa atiria. Vyumba vya juu vya moyo husisimuliwa na umeme mara 350 hadi 600 kwa dakika, hutetemeka badala ya kukaza kwa pamoja, na nodi ya AV, lango la umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, huruhusu baadhi tu ya misukumo hiyo iteremke, bila mpangilio. Kukadiria kasi kwa kugawanya 300 kwa idadi ya miraba mikubwa ya karatasi kati ya vilele viwili kulinipa jibu tofauti kila nilipojaribu, kwa hiyo nilihesabu QRS 14 za sekunde 10, nikazidisha kwa 6, nikapata mapigo 84 kwa dakika. Kasi hiyo ya kawaida ndiyo inayomtuliza msomaji wa ECG mapema mno, ilhali damu inayotuama katika kifuko cha atiria ya kushoto inaweza kuganda na kusababisha kiharusi.

Daktari mwandamizi alithibitisha, akaketi na mgonjwa kujadili dawa za kuzuia damu kuganda. Maneno ya mashine tuliyakata kwa mstari, tukaandika pembeni tulichokiona, pamoja na saa.