Ruta ilikuwa inatupeleka saiti feki, hivi ndo nilivyoitengeneza
Nikiandika adresi ya benki inafunguka peji inayofanana kabisa ila brauza inagoma, inasema cheti (kile kinachothibitisha saiti ni ya kweli) sio halali. Nikaskani simu na kompyuta, hakuna virusi, halafu nikizima waifai nikatumia data za simu kila kitu kiko sawa, hapo ndo nikajua shida iko kwenye ruta yenyewe. Nikaingia 192.168.1.1, yaani peji ya mipangilio ya ruta, kumbe paswedi ya admini bado ni ile ya kiwandani na mtu kabadilisha DNS, yaani kila jina la saiti tunaloandika linaulizwa kwenye seva yake yeye. Iliniuma sana, maana nyumba nzima tunaitegemea.

Nikachomoa waya wa intaneti, nikairiseti, nikaweka paswedi mpya ndefu ya admini na nyingine tofauti ya waifai, nikachagua WPA2 (ulinzi wa waifai), nikazima WPS (ile ya kuunganisha kwa kitufe au PIN) na ile ya kuingia kwenye ruta ukiwa nje, DNS nikaweka 9.9.9.9 ambayo inazuia saiti zinazojulikana kuwa hatari. Apdeti ya ruta usiiruke jamani, bila hiyo tundu la zamani linaweza kubaki wazi. Paswedi za benki na imeili nilibadilisha mwisho, ruta ikiwa imeshakuwa safi. Lile onyo la cheti halijarudi.