Kisipotee Kitu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye Yohana 6:12. Watu 5,000 wameshashiba, ndipo Yesu anawaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Aliyezidisha mikate sasa hivi, makombo ya nini?

Nikawakumbuka Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Wazee wao husimulia kwamba Wangoni walipoingia karne ya 19, watu walibanwa wakakimbilia milimani. Huko ardhi ni finyu na miteremko ni mikali. Mvua moja kubwa yaweza kushusha shamba lote bondeni. Wakaishi kwa kilimo cha ngoro. Mwezi wa tatu hivi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka majani, huyaacha yanyauke, kisha huyalaza kwa mistari inayokatizana mpaka ipatikane miraba. Kina mama hufuata na majembe: wanachimba katikati ya kila mraba, udongo wanafukia majani. Yanabaki matuta yaliyozunguka vishimo, mlima mzima kama sega la nyuki. Juu ya tuta maharage. Msimu unaofuata, mahindi. Maji yakija kwa kasi yanatulia shimoni, udongo uliong'oka unatua humo humo, na magugu hutupwa humo yaoze.

Majani ambayo wengine tungeyachoma! Mimi mwenyewe mwaka jana nilivuna vizuri, nikatia moto mabua yote siku moja. Majivu yakaishia kwenye nguo alizoanika jirani. (Tulishapatana.)

Nilidhani ni umaskini tu uliowafunza Wamatengo kutotupa. Lakini kahawa iliwafikia miaka ya 1920, fedha zikaanza kuingia, na ngoro hawakuiacha. Hapo ndipo nimeielewa kidogo ile amri. Yesu hakuwapa amri hiyo wenye njaa. Mwenye njaa haambiwi aokote, mkono wake umeshafika. Aliitoa watu walipokwisha kujipangusa midomo, saa ambayo kipande cha mkate wa shayiri hakina thamani kwa mtu.

Vikapu vilijaa 12, na mitume walikuwa 12. Sidhani kama Petro alisimama pembeni kusimamia wenzake. Naye aliinama kutafuta vipande kwenye nyasi, maana Yohana ametuambia mapema, aya ya 10, kwamba mahali pale palikuwa na majani tele.