Natandaza waya Utawala nikiwa Minnesota

Saa tano usiku huku Minnesota, Nairobi ni saa mbili asubuhi. Ndio wakati fundi wetu anapanda ngazi. Mimi nimejifunika blanketi, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, namwambia ainamishe kamera kidogo nione pembe ya paa.

Haya yote yalianza kwa wivu. Mtaa ninaokaa, nyumba nyingi zina taa za kudumu zilizofichwa chini ya ukingo wa paa. Krismasi zinakuwa nyekundu na kijani, siku nyingine ni mwanga mweupe tu unaoshuka ukutani. Desemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo usiwacheke. Nikasema Mama naye azipate, nyumba yake ya Utawala, Nairobi, ing'ae mpaka wageni waache kupiga simu wakiuliza geti ni lipi.

Nikachora ramani kwenye daftari. Mbele mita 14, ubavuni mita 11 kila upande, jumla mita 36. Kisanduku cha kuendesha taa nikakiweka karibu na mita ya stima, pale getini, kisha mstari mmoja uzunguke nyumba kuanzia upande wa jikoni. Nilijiona mhandisi.

Fundi aliiangalia picha ya ramani, akanyamaza kidogo. "Mkubwa, mbona tuizunguke nyumba kama tunafukuza kuku? Tuanzie katikati."

Alikuwa sahihi, na hesabu nilizokuja kupiga baadaye zilinitia aibu. Chukua taa zinazokula wati 60, mwishoni mwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30. Kwa taa za volti 12, mkondo ni ampea 5, na waya peke yake, kwenda na kurudi, unameza volti tatu na nusu hivi. Taa zinabaki na nane na nusu. Kwa volti 24 mkondo unapungua nusu, na kinachomezwa hakifiki volti mbili. Ukitumia waya wa 2.5, unapoteza kama volti moja tu. Umeme ukipungua hivyo, taa nyeupe za mwisho hugeuka rangi ya chungwa, kwa sababu nyeupe yake ni mchanganyiko wa nyekundu, kijani na bluu, na bluu inataka volti nyingi kuliko nyekundu, basi ndiyo inayozimia kwanza. Kwa hiyo tukachagua volti 24, kisanduku kikae stoo katikati ya nyumba, mstari mmoja uende kushoto na mwingine kulia.

Kuna waya wa tatu ambao watu husahau, ule unaobeba amri za rangi. Huo una njia moja. Mishale imechorwa kwenye mkanda wa taa, na ukiunganisha kinyume hakuna kinachowaka. Umeme unaweza kuuongezea hata kutoka mwisho wa mkanda, lakini amri lazima ziingilie mwanzoni. Tena zinachoka njiani, ndiyo maana wazo langu la kisanduku getini lilikuwa la bure.

Transfoma, ile inayoshusha stima ya nyumbani iwe volti 24, niliituma kwenye sanduku la binamu yangu. Ubavuni ina kiswichi chekundu: 115 upande huu, 230 upande ule. Huku niliijaribu mezani kwa stima yetu ya volti 120, nikakiacha kiswichi hapohapo. Fundi akaichomeka kwenye 240 ya nyumbani. Nikasikia mlio mmoja, kisha sauti ya Mama kutoka jikoni akiuliza nani anachoma plastiki. Nyingine ilinunuliwa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme jijini, siku hiyohiyo, na nauli nikalipa mimi bila kubishana.

Lakini aliyeibomoa ramani yangu hasa ni Mama. Alitoka na kanga begani, akaomba ashike simu.

"Mwanangu, hapo pembeni unapopitisha waya, unajua kuna nini?"

"Si ule mparachichi?"

"Mparachichi tuliukata. Hapo kuna tangi la maji. Likijaa linamwagika ukutani."

Nilikuwa nachora nyumba niliyoiacha miaka saba iliyopita. Akamtembeza fundi nyumba nzima, akamwonyesha mchirizi unaovuja, dirisha la chumba chake ambalo hataki mwanga, na pale maji ya masika yanapojikusanya. Waya wa upande wa tangi tukauhamishia ndani ya dari. Unapotokea nje, fundi aliupa tumbo: unaning'inia chini kidogo kabla ya kuingia tunduni, ili tone la mvua lidondokee hapo lisifuate waya mpaka ndani. Maungio yote yako kwenye visanduku vya kuzuia maji, na saketi nzima ina swichi inayokata stima ikivuja. Kwa ile kazi ya volti 240 nilisisitiza fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi Kenya. Hapo sikutaka bei ya kirafiki.

Kisha Mama akaja na sharti lake. Juu ya mlango wa mbele, hakuna taa. "Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi watajaa mpaka kwenye sufuria." Nikamwambia tutaweka mwanga wa njano, wadudu hawaupendi sana. Hakusikia. Tukaruka mlango kwa waya mtupu wa mita mbili, taa zikaendelea ng'ambo, na kipande cha mwisho nyuma ya jikoni kikapewa swichi yake. Alikitaka cheupe, kikali, na hakueleza kwa nini.

Novemba mvua iliponyesha, akanitumia video. Mbele ya nyumba kumezimwa, giza tupu. Nyuma ya jikoni kipande kile kinawaka kama mchana, chini yake karai la maji, na kumbikumbi wanadondoka humo. Mama ameinama na mwiko, anawakusanya, anamwambia mjukuu alete chumvi.