Mti kijani, moyo unga

Fundi wa pawa so alikuwa kwenye mti wa tatu alipozima mashine ghafla. "Dada, hebu njoo uone hapa kabla sijaendelea. Usije ukasema ni mimi."

Saiprasi ile ilikuwa imesimama mpakani mwa shamba letu, huku juu ya Njoro, Kenya, tangu 1999. Baba aliipanda yeye mwenyewe, thelathini na minane kwa jumla, mstari mmoja hadi kwenye bonde. Kwa nje ilikuwa kijani tupu, hakuna hata kitawi kikavu. Lakini pale fundi alipokata, kwenye ile mbao ya rangi ya siagi, kulikuwa na matundu ya umbo la yai, yamepangana kuelekea kiini, na kila tundu limeshindiliwa unga mgumu kama sembe iliyonyeshewa kisha ikakauka. Nikachokoa moja kwa kijiti. Unga ukatoka, halafu akatoka mwenyewe: buu mweupe, mnene kichwani, mwembamba mkiani, midomo ya kahawia. Mama akamwokota kwa vidole viwili akamtupia kuku. Jogoo alimwangalia kwanza, upande huu, upande ule, ndipo akammeza.

"Amekula mbao za mbili kwa nne zangu zote," mama akasema, "na yeye naye ameliwa. Endelea kukata."

Tulikata kumi na mmoja siku hiyo. Saba walikuwa wamebunguliwa. Naandika "walikuwa" kama watu, najua, lakini baba alikuwa akiita miti hii askari wake na nimeshindwa kuacha. Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na mbao zikaanza kupanda bei, majirani walimshauri auze. Akasema miti ni benki, na mwenye benki hakimbii na pesa zake mwenyewe. Alifariki akiamini hivyo. Mimi nilikuwa nataka tu kenchi za nyumba ya mama. Mwenye yadi mjini alikuja, akagonga magogo kwa kisigino cha panga, akanipa bei ya kuni. Nilimchukia wiki nzima, ingawa ningekuwa yeye ningetoa hiyo hiyo.

Jumapili nikampigia kaka yangu aliyeko Michigan, kwa sababu pesa za mabati zilikuwa zake na ilibidi ajue. Nilitarajia lawama. Akageuza simu nje ya dirisha akanionyesha kisiki kipana kama meza ya kulia. Huko kwao kuna mti wa eshi, ule unaotengenezewa magongo ya besiboli, na wake ulikuwa umeuawa na mdudu pia. Ni mbawakawa mdogo wa kijani kinachong'aa, asili yake ni mashariki mwa Asia. Marekani walimgundua 2002, karibu na Detroit, na tangu hapo ameangamiza mamilioni kwa mamilioni ya miti hiyo. Haendi kwenye kiini kama wetu. Buu lake linakula chini tu ya gome, kwa mistari inayojipinda kama nyoka, mpaka njia za chakula cha mti zinakatika. Mti unaanza kukauka kileleni. Mdudu akishakomaa anatoka kwa tundu dogo lenye umbo la herufi D. Kaka aliyaona matundu hayo wakati matawi zaidi ya nusu yameshakufa. Kuna dawa ya kudunga shinani, inarudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, lakini mti uliofikia hapo haiusaidii tena. Halafu eshi ikikauka huwa inavunjika kama biskuti, kwa hiyo hakuna mtu wa kuukwea. Alilipa kreni.

"Wako ana adabu," akaniambia. "Amekuachia mti umesimama."

Adabu gani? Wake anaua mti. Wangu anauacha unapendeza miaka ishirini na sita, anaua bei. Ningependa zaidi wa kwake, angalau anatangaza.

Jamaa mmoja niliyesoma naye, aliyepitia chuo cha misitu Londiani, ndiye aliyenifafanulia, na hapo ndipo niliponyamaza. Mdudu wetu anaitwa Oemida gahani, na hakuletwa na meli ya mtu. Ni mwenyeji wa hapa Afrika Mashariki. Hatobui gome zima lenye utomvu. Anatafuta mbao iliyokufa iliyo wazi: kovu, tawi kavu, mahali palipoungua, kigingi cha tawi lililokatwa. Anataga hapo, buu linapenya kufuata kiini, na mti unaendelea kunenepa juu yake.

Sasa, vigingi. Kila Desemba tulipofunga shule, baba alitutuma kupogoa, na tulipogoa kwa panga, kwa lengo la kuni. Ukipiga panga karibu na shina unaumiza mkono, kwa hiyo unapiga mbali, unaacha kigingi cha urefu wa kiganja. Tulivipenda vigingi vile. Tulipandia, na mimi nilikuwa na changu cha kutundikia sweta nikichunga. Jamaa yangu anasema tawi hukatwa likiwa bado jembamba, kwa msumeno, usawa na shina bila kulichubua, ili kovu lifunike haraka. Letu lilisubiri miaka kumi na kitu kabla ya kufunika. Mti ule wa tatu, nikihesabu kutoka chini, ndio uliokuwa na sweta yangu.

Ishirini na saba bado wamesimama. Nimevikata kwa msumeno vigingi vya wale wembamba, ingawa fundi ananicheka: "Aliye ndani hafungiwi mlango, dada." Ninafikiri yuko sawa, na bado nimekata.

Mbao chache zilizoonekana safi tulizipanga juu ya dari ya jikoni zikauke kwa moshi. Usiku wa kuamkia jana mama aliniita akiwa amekaa mekoni, taa ameizima, kidole mdomoni. Nikatulia. Juu yetu, polepole sana, kama mtu anayetafuna karanga akificha: kr, kr, kr.

"Kesho zitoke," akasema. "Sijamwalika."

Leo zimeivisha githeri.